Ahadi ya Mutiso Iliyorudi Kutoka kwa Disketi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni karani wa kanisa hapa Kikima, watu ishirini na mmoja wanapokea barua pepe kwa kompyuta yetu moja, mimi nazichapisha, nakata sehemu ya juu yenye tarehe kuokoa karatasi, na baada ya ibada mzee wa kanisa anaita majina. Kila Ijumaa nilikuwa nanakili barua za kila mtu kwa disketi, lakini Juni disketi zikaisha, zilizobaki nikazitumia kwa nyimbo za kwaya. Agosti Mutiso, anayesoma Uingereza, akamwandikia mchumba wake Syokau kwamba amepata mwingine na wazee wake wa Kasikeu amewazuia wasije kwa kina Syokau, nami nikaona huruma nikaiacha barua hiyo kwa kompyuta nimpe wiki ijayo, na kabla ya wiki ijayo kompyuta ikafa. Fundi akaifufua ikiwa tupu, nikarudisha barua za disketi, zote zikaonekana mpya, nikachapisha zote. Sasa Mzee Mbuvi anamngoja mwanawe, aliyeandika kabla ya Pasaka kwamba anakuja. Syokau naye amepata tena ile barua ya Mutiso ya Aprili, kwamba mbuzi wa ntheo wa kufungua uchumba wanakuja Jumamosi ya mwisho ya Agosti, na mamake amesema, "Mwanamume anayerudia neno lake bila kubadilisha hata nukta ni wa kuaminika." Syokau amekataa nafasi ya chuo cha uuguzi, inafungwa Ijumaa. Nifanye nini? Usitaje jina langu.

Karani,

Pole, lakini huruma yako imenikasirisha. Ulimficha msichana barua yake, halafu ukamletea ahadi iliyokufa. Hiyo si huruma, ni woga uliovaa tai ya kanisa.

Nenda kwao leo. Sema yote mbele ya mamake, na useme ni wewe, usisingizie kompyuta. Kisha umsindikize Syokau hadi kwa simu awaambie chuo anakuja. Mzee Mbuvi naye mwambie. Baadaye nunua disketi, nakili kila siku, seti moja ilale nyumbani kwako, na uache tarehe zionekane. Kwaya wataimba kwa kichwa.

Jina lako sikulitaja, na ya wengine nimeyabadilisha. Lakini Kikima ina kompyuta ngapi? Redio hii inasikika hadi jikoni kwa mamake Syokau. Kama umenisikia, naye amenisikia. Kimbia.