Mkaja wa Fadhiya

Swafia, salamu baadaye. Niko hospitali.

Wamempasua tena mdogo wangu Fadhiya. Wamemtoa kitambaa tumboni. Kitambaa, shoga yangu, kile cha kufyonzea damu, walichomwachia ndani siku ile walipompasua kumtoa mtoto.

Siku thelathini na moja kilikuwa kikioza mle ndani.

Unakumbuka ulipokuja kwetu Tudor kumtazama mzazi, ukauliza mbona tumbo halijarudi? Mama akasema mkaja, kile kitambaa alichofungwa tumboni baada ya kuzaa, umelegea. Fadhiya akasema, "Mama, mna kitu humu." Akajibiwa ni chango, maumivu ya tumbo ya uzazi, kila mzazi analo. Kesho yake akasema tena, "Mna kitu humu." Tukamchemshia dawa ya chango.

Jana homa ilimpanda hata hamjui mwanawe. Ndipo tukamkimbiza.

Daktari katoka chumba cha upasuaji, hanitazami usoni, asema, "Kuna kitu kilisahaulika." Kilisahaulika, Swafia. Kana kwamba hakina aliyekisahau.

Nilitaka kumrukia. Sikuweza, maana mkaja ule niliufunga mimi. Kila asubuhi Fadhiya alikuwa akinishika mkono, akiniambia legeza kidogo, dada, nami nikamwambia avumilie, nikavuta zaidi.

Sasa hivi ameamka. Nimemwinamia nimfunike shuka tu. Kalikumbatia tumbo lake kwa mikono yote miwili, akaniambia, "Dada, usikaze."