Mawe ya Yohana

Jumatatu, 14 Oktoba 1974

Bombani mara tatu leo. Foleni. Nyumba za kijiji hiki kipya zimepangwa kama madawati. Nimeingia kwa jirani nikidhani ni kwangu, na kutua ndoo jikoni kwake. Kacheka. Mimi sikucheka.

Jioni mwenyekiti katangaza: Jumamosi trekta linalima kule kwetu kwa zamani, tulikohamishwa. Shamba la kijiji. Yohana wangu kazikwa kule, kando ya njia ya kisimani. Alikufa akiwa na miezi minne. Msalaba wake wa miti umeshaliwa na mchwa. Mwenyekiti kasema nikiweka mawe, dereva atapakwepa. Haya, niyaweke wapi?

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekwenda. Mwendo wa saa mbili kwa mguu. Nyumba zimebomolewa, moto umepita, kote kweusi. Kutoka palipokuwa mlango wangu nimeshuka hadi kisimani, nikatazama huku na huku. Visiki. Vichuguu. Mama mzima sijui alipolala mwanangu! Sikulia. Nimekasirika tu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo na Baba Yohana. Kaonyesha hapa, mara pale. Kasema, "Mama Yohana, tuache. Mtoto yuko kwa Mungu." Nikamwambia aende zake. Akaenda kweli. Nimebaki hadi jua kukolea. Sikuhisi kitu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimebeba ndoo. Nilitaka tu kunywa maji ya kisima chetu, haya ya bomba yananuka chuma. Nimeteka, nikajitwisha, nikapanda njia. Wala sikuwa natafuta. Mkono wa kushoto ulioshika ndoo ukachoka palepale ulipokuwa ukichoka siku zote. Nikabadilisha, jicho likaenda kushoto lenyewe, kama zamani nilipokuwa nikimsalimu.

Hapo. Udongo umebonyea, urefu wa mkono wangu. Juzi na jana nilipita hapo mikono mitupu, nisione kitu.

Nimepanga mawe kumi na manne. Nikakoroga majivu na maji, nikayapaka yaonekane.

Jumapili, 20 Oktoba

Baba Yohana kaenda kuangalia alfajiri. Shamba lote limelimwa. Mawe yapo. Kasema hivyo tu, akavaa shati la kanisani.

Jioni nimetoka bombani na ndoo kichwani. Nyumba ya nne, mkono ukachoka. Nikabadilisha. Jicho likaenda kushoto.

Choo cha jirani. Binti yake alikuwa anafagia, akadhani namtazama yeye.

"Shikamoo, Mama Yohana."

Marahaba, nikaitikia. Nikaenda kusonga ugali.