Ulanga Katika Chungu cha Mama

Tabora,
6 Juni 1943

Kwa dada yangu mpenzi Pelagia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na baba, na kwamba mihogo ya Puge imesalimika na nguruwe. Mimi sijambo, ila usingizi wangu umejaa mawe.

Nimesikitika kusoma kwamba vyungu vyako vimepasuka tena motoni, na kwamba vijavyo vikipasuka utaacha ufinyanzi na kwenda kulima kwa shangazi. Hata huku Isevya habari imefika. Bi Swaumu, muuza kunde, aliniambia kwamba akitaka kuzima moto atatumia maji, hana haja ya chungu cha dada yangu. Kisha akacheka, akanipakulia kunde. Chungu alichonunua kwa marehemu mama kilivunjwa na mbuzi tu, wala si moto, na kigae chake bado anachukulia makaa. Nilimwomba kipande, akanipa.

Juzi Mwalimu Wenceslaus alitandaza mawe mezani, akasema tunaishi ndani ya mawe bila kujua. Kinywe kimo ndani ya penseli zetu. Jasi ndiyo chaki yake, na ndiyo lipu ya nyumba za wakubwa. Ulanga hubanduka kurasa kwa kurasa kama kitabu, nao hauungui. Hutiwa katika vidirisha vya majiko, na siku hizi za vita unatafutwa sana. Alinipa ukurasa mmoja. Niliuweka jichoni, na uwanja mzima ukawa rangi ya asali, watu wakitembea polepole kama walio chini ya maji.

Rangi ile niliijua. Nilitoa kigae mfukoni nikakiweka juani, nacho kikametameta chote. Mwalimu alisema aliyefinyanga chungu kile alichanganya udongo na mchanga wa ulanga, ndiyo maana kilistahimili moto.

Dada, unajua desturi. Mama humpeleka binti kwenye machimbo ya mchanga wa ufinyanzi anapopata mtoto wake wa kwanza, na mwanamume hapataji mahali hapo. Mama alituacha kabla hujapata mtoto. Lakini wanawake husema mtoto wa mgongoni hana macho. Mimi nilikuwa mgongoni, na macho nilikuwa nayo. Nakumbuka njia ya zamani ya misafara, kisha kijito kikavu, na mama akiinama, na ardhi yote ikimeta chini yangu. Miaka yote nilidhani ni ndoto.

Mahali hapo sitapataja kwa jina. Usichome chochote mpaka nije likizo ya Agosti. Nitatangulia njiani bila kusema neno. Wewe fuata nyuma na kikapu, kama mtu anayekwenda kuchanja kuni. Nitakapoketi na kufungua kitabu changu, chimba.

Nisalimie baba sana, na shangazi mwambie asikutayarishie jembe.

Ni mimi mdogo wako, mtoto wa mgongoni,
Nikolaus