Mbuzi wa Kamau na Kampuni ya Maembe

Jumatatu, 3 Machi

Sijaandika tangu Krismasi. Naomba radhi, ingawa msomaji wa daftari hili ni mimi peke yangu. Sikuugua. Ulikuwa uvivu.

Nimemwagilia sukuma wiki, nimekunywa uji. Kijiji chetu cha Theta kimejaa vumbi. Kila jirani anajenga nyumba za kupangisha. Kamau, mdogo wa marehemu mume wangu, alifika kabla sijaosha kikombe. Kampuni ya kigeni ya kusindika maembe inataka kukodi shamba letu la Ngoliba kwa miaka thelathini. Hati ya shamba ina jina langu, lakini sitaamua bila wazee wa ukoo.

"Mwalimu," akaniambia, "hawa watu hawangoji. Wakienda Murang'a tutabaki tukiwaona kwa TV."

Siipendi haraka yake. Hata hivyo, Ngoliba ni kukavu, na kila msimu maembe yetu huoza kwa kukosa mnunuzi. Hilo ni kweli.

Jumatano, 5 Machi

Mjukuu wangu Wambui amekuja kutoka chuoni Juja. Tasnifu yake ya uzamivu inapitia tafiti kuhusu kampuni za kimataifa zinazowekeza katika nchi kama yetu. Amesoma hadi macho yamekuwa mekundu. Nilimwuliza zinasema nini.

Alieleza huku akichambua maharagwe. Watafiti wa mwanzo waliuliza kwa nini kampuni huja: soko, malighafi, vibarua wa bei nafuu. Waliofuata wakauliza kama wenyeji hujifunza lolote kutoka kwao. Siku hizi wengi huuliza nani huamua, tawi la huku au makao makuu, na kwa nini baadhi hufunga na kuondoka. Mkulima mwenyewe huulizwa mara chache.

"Basi tukatae?"

"Cucu," akasema, kama anavyoniita mimi bibi yake, "hii kitu haina jibu moja. Pahali pengine watu wameinuka kabisa. Pengine wamebaki na mabati ya kiwanda tupu. Inategemea kama wananunua kwa majirani, na kama mwenye ako hapa ana ruhusa ya kuamua."

Sikumsahihisha sarufi. Mtu aliyesoma kiasi hicho na bado hajifanyi kujua yote, namheshimu.

Ijumaa, 7 Machi

Kamau ameleta mbuzi. Amemfunga nyuma ya jiko. Eti ni wa kumkaribisha mjumbe wa kampuni kesho.

Nimekasirika. Katika ukoo wetu, wazee wakila mbuzi na mgeni kwa ajili ya shamba, jambo limekwisha. Kurudi nyuma ni aibu. Kamau anajua.

Naogopa. Sina kingine cha kuwaachia wajukuu.

Jumamosi, 8 Machi

Wazee walifika mapema. Nilimketisha Wambui kando yangu.

"Kwani siku hizi wasichana ndio wanaongea mambo ya shamba?" Kamau aliuliza.

"Guka, wewe noa kisu tu," Wambui akamjibu babu yake mdogo. "Mbuzi bado hajasaini."

Wazee walicheka. Hata mimi.

Mjumbe ni kijana mpole kutoka Nairobi. Alieleza mpango vizuri: kiwanda, maji, ajira. Alisema pia kwamba kampuni itanunua maembe ya majirani. Kamau alikwisha kusimama kwenda kwa mbuzi. Wambui akauliza swali moja: nani anaweza kutuandikia hilo leo?

Kijana akajibu: "Kusema ukweli, mimi siwezi. Lazima niulize makao makuu."

Kamau aliketi.

Nilimstahi kijana kwa kutodanganya. Wambui nilimstahi zaidi: hakutabasamu, hakumdhalilisha. Alimmiminia chai tu. Niliamuru mbuzi asiguswe. Tulikula githeri, mahindi na maharagwe tu. Kamau alinuna, kisha akaomba aongezewe.

Alhamisi, 13 Machi

Makao makuu hayajajibu. Kamau hajapiga simu.

Wambui aliniachia sura moja ya tasnifu yake. Nimeisoma polepole. Kalamu nyekundu ilikuwa mezani, sikuifungua. Ni kazi njema. Laiti babu yake angeiona.

Mbuzi yu hai. Amekata kamba na kula nusu ya sukuma yangu. Nimemhamishia kivulini na kumpa maji.

Jibu likija, wazee wataketi tena, na Wambui atakuwa kando yangu. Tukishaamua nitaandika hapa, iwe ni kumchinja au kumrudisha kwa Kamau.