Tusi la Kila Asubuhi

Jumanne, usiku

Na bado nasema yule nesi wa kliniki hajui kazi. Alimwambia Nekesa, "Mtembeze baba yako kila siku, huu ugonjwa wa kusahau utapunguza makali." Wafula atembezwe na binti yake wa kumzaa? Alikaa kitini kama gunia la mahindi, akamtukana mpaka majirani wakafunga madirisha.

Dawa niliipata mimi. Kila asubuhi namnyang'anya kofia, namwita mwizi wa kuku, natoka mbio. Sisi Wajaluo na Waluhya wa kina Wafula ni watani, na huyu tumetaniana tangu tukiwa vijana wa reli. Uzuri wa mtu aliyesahau ni kwamba tusi la jana kwake ni jipya. Ananifukuza kuzunguka ukumbi wa mtaa wetu wa Kaloleni akihema, "Simama, wewe mla vichwa vya samaki!" Watoto wanacheka, nami nacheka kuwashinda. Nekesa mwenyewe amekiri kwamba siku hizi mzee analala hadi asubuhi na hamrushii tena vikombe.

Leo nimenyakua kofia, nikamwita mwizi. Hakuinuka. Aliniangalia kwa upole ambao hajawahi kunipa maishani, akasema, "Kaa nayo tu, mzee. Jua ni kali, na naona huna wa kukununulia."

Mzee. Mimi.

Nekesa akaanza kulia. Mimi nilimrudishia kofia yake kichwani kwa kofi.

Kesho namtukania marehemu mama yake, tena kwa Kiluhya. Asipoinuka kwa hilo, basi Wafula ameshaenda, na waliobaki na huyo wa kitini wamlishe uji.