Kipande cha Sita cha Tumbo la Mama

Jumatatu, 2 Juni
Maabara. Slaidi za malaria tangu asubuhi, shingo inauma. Kisha Mama, kutoka kijijini Mtinko, kwa kipimo cha kamera ya tumbo; linamuuma miaka mitatu sasa. Nilimwagiza asile chochote tangu jioni. Hakula. Alikunywa togwa ya mtama alfajiri, kikombe kizima. "Togwa si chakula, mwanangu." Daktari ameona togwa tu. Aibu gani hii mbele ya wenzangu! Na kosa ni langu. Nilisema usile, sikusema usinywe. Kwetu nani anakula togwa?

Alhamisi, 5 Juni
Amerudi tumbo tupu. Kamera imeona sehemu nyekundu, imekwaruzika. Daktari amenyofoa vipande vitano. Muuguzi akavitumbukiza vyote kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, kama tulivyozoea. Nikapiga kelele. Kimoja kilikuwa cha kipimo cha jeni; hicho hakiwekwi humo, kina maji yake maalumu, na barafu. Daktari akarudisha kamera, akanyofoa cha sita. Mama machozi yakamtoka. Nimekipakia mwenyewe, pamoja na vile vitano, kwenda Dodoma. Muuguzi sijamwomba radhi. Nitamwomba kesho.

Jumanne, 17 Juni
Majibu ya hadubini kutoka Dodoma: seli zinatia mashaka. Mashaka hata mimi ninayo! Kaka Elia anasema ni vidonda vya tumbo tu, Mama arudi nyumbani, alizeti inapukutika shambani. Nimemjibu vibaya. Alizeti itaota tena mwakani, Mama je? Naogopa saratani. Nyumbani siwezi kulitamka hilo neno.

Ijumaa, 27 Juni
Jeni zimesema! Kila seli mwilini ina jeni zilezile. Kinachotazamwa ni zipi zimeamka na zipi zimelala. Kwa Mama, zinazohimiza seli kuzaana zimeamka kupita kiasi, na za kuzizuia zimelala fofofo. Kipimo hicho peke yake si hukumu, lakini kimewafanya Dodoma wazirudie slaidi zote kwa makini. Wameiona. Saratani. Bado changa, inaweza kukatwa ikaisha. Nimelia chooni, kisha nimerukaruka kama mwehu. Mtu gani anashangilia saratani? Mimi. Tumeiwahi.

Alhamisi, 10 Julai
Upasuaji, Dodoma. Saa nne nzima kwenye benchi. Elia kashika kanga ya Mama, anaikunja na kuikunjua. Nimemhurumia. Mama ametoka salama. Neno lake la kwanza: mmekula?

Jumanne, 22 Julai
Majibu ya upasuaji: kingo za walipokata hazina saratani, safi. Tezi za jirani, safi. Safi, safi, safi! Nimeisoma ripoti mpaka karatasi imelegea. Nimemsomea muuguzi, amenikumbatia. Elia amepiga simu, eti "asante, daktari." Mimi mtu wa maabara! Sikumsahihisha. Nimejidai siku nzima, na kesho nitajidai tena. Nimebandika tangazo mlangoni: USILE, USINYWE, TOGWA NA UJI PIA.

Jumapili, 24 Agosti
Mtinko. Upepo mkali, vumbi. Mama anakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, kama alivyoagizwa. Baada ya ibada wanawake wawili wamenivuta pembeni, kila mmoja anaonyesha pale panapomuuma. Nimewapangia siku ya kuja.

Mchana Mama amelala. Miaka mitatu maumivu yalikuwa hayampi usingizi. Nimekaa mlangoni namsikiliza akikoroma. Elia amekuja na sahani, akitaka kumwamsha ale. Nimemwambia amwache kwanza.