Baba Asiwekwe Kwenye Simu

Ruiru, Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje na hiyo baridi ya Wundanyi? Natumaini unalikanda kila jioni kama ulivyoambiwa, ingawa nakujua, utasema ulisahau. Mimi ni mzima, ila nimechoka na nimekasirika, na hasira yenyewe inamhusu mwanao Mwakio. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako siku hizi inashinda mfukoni mwake, na ujumbe wangu atakusomea ule anaoutaka yeye.

Nimesikia alichokwambia. Eti wakwe wakija kuzungumza mahari yangu, hakuna haja ya picha nyingine ya baba baada ya mchwa kuila ile ya zamani pamoja na fremu. Eti, "Si Wakesho anafanya kazi ya picha za simu? Tutamweka mzee ukutani kwa simu." Mama, tafadhali, usimsikilize. Kazi hiyo naifanya mimi, na mimi ndiye nakwambia hapana.

Kazi yenyewe ni hivi. Ofisi yetu inatengeneza app: unaelekeza simu ukutani, na kwenye kioo cha simu unaona picha kama imetundikwa pale. Ukishusha simu, hakuna kitu. Ilikusudiwa imsaidie mtu kuchagua ukubwa na mahali kabla hajanunua fremu kwa fundi wetu wa Thika. Hapo sina ubishi. Shida ni bosi wetu, Kariuki. Amepanga nyumba kule Membley, na mwenye nyumba amepiga marufuku misumari, basi Kariuki ameamua dunia nzima haitaki misumari. Kila asubuhi anaingia na wazo jipya. Picha ibadilike rangi kufuata mapazia. Picha ya harusi ipige vigelegele. Juzi akataka picha ya ng'ombe ilie mgeni akikaribia! Nikamuuliza, "Bosi, nani ametundika ng'ombe sebuleni?" Akasema sina maono.

Na kile wateja wanachoomba, hataki hata kukisikia. App inaweka picha usawa wa macho, wima, kama kioo cha kinyozi. Wewe unajua picha ya mzee hukaa wapi: juu, karibu na dari, imeinama mbele kidogo ili imtazame anayeingia. Nimemweleza mpaka mate yakanikauka. "Huo ni ushamba, Wakesho. Watu wanataka kitu kipya."

Haya, kitu kipya kikaja. Wiki jana tulienda na Kariuki mpaka Ngoliba kwa mjane mmoja, Mama Ciku. Bintiye alikuwa na ruracio Jumamosi, ndiyo mazungumzo ya mahari kwa Wakikuyu, na mama alitaka kuona picha ya marehemu mumewe itakaa wapi kabla fundi hajakata fremu. Kwake lilikuwa jambo zito. Baba wa binti lazima awepo wageni wakiingia. Nikainua simu, nikamwonyesha. Kumbe Kariuki alikuwa ameongeza wazo lake bila kuniambia. Marehemu akapepesa macho, akatabasamu.

Mama Ciku akashika meza. "Ngai! Zima! Zima hiyo kitu!"

"Mama, ni teknolojia tu," bosi akasema. "Hata fremu huhitaji. Kila mgeni atainua simu yake amwone."

"Wazee wakae kwangu wakizungusha simu kama wanatafuta network? Na huyo si mzee wangu. Mzee wangu hakuwa anaonyesha wakwe meno. Ukiwachekea, mahari inashuka!"

Unajua bosi alijibu nini? "Basi tunaweza kumfanya anune." Ai! Nikaona huyu atatutia laana. Nikamwambia akasubiri garini, na nikishangaa mdomo wangu mwenyewe, akaenda.

Nikaomba sinia, nikapanda kiti, nikaliegemeza ukutani badala ya picha. Mama Ciku akawa anaongoza kutoka mlangoni. "Juu. Juu tena. Mwinamishe. Eeh, hapo ananiona hata nikitoka jikoni." Nikatia alama kwa penseli, kazi ikaisha. App haikuhitajika hata kidogo.

Akanipa uji, akaniuliza kama baba yangu yuko hai. Nikamwambia alishatangulia, na kwamba hata kwetu wakwe wako njiani. Akanitazama. "Na yeye mmemwandalia ukuta?" Nililia pale kwa mtu nisiyemjua, uji ukapoa.

Kesho yake nilimpelekea fundi wa Thika ile picha ndogo ya baba ninayotembea nayo kwenye pochi, ile ya koti la kijivu, amekunja uso kwa sababu ya jua, aikuze na kuitia fremu. Ndiyo hiyo umeifungua kwenye boksi pamoja na barua hii. Fundi alitaka kuilainisha uso kwa kompyuta, nikamkatalia. Misumari ya zege iko kwenye bahasha ya kaki. Mwakio apande kiti, na wewe usimame mlangoni umwongoze mpaka uridhike. Akianza kukwambia mambo ya usawa wa macho, mnyang'anye simu yako papo hapo.

Nisalimie shangazi Mkamburi, na umwambie asianze kupika siku mbili kabla. Mjomba Mwachofi, atakayetusemea, mwambie asiwe na haraka ya kukubali. Mwakio naye msalimie, ingawa sijapoa.

Na wageni wakifika kabla baba hajapanda ukutani, wape chai, uwaombe warudi siku nyingine. Nitangoja. Sitaozwa na ukuta mtupu.

Binti yako,
Wakesho